Bibi Alisema Fidla Yangu Ina Kwikwi

"Mwanangu, mbona fidla yako ina kwikwi?"

Aliniuliza hivyo bibi mmoja wa Kisauni, nimemshikia simu sikioni, wimbo wa harusi ya mjukuu wake unacheza. Nusu ya malipo nilikuwa nimeshapewa, shilingi 5,000, na nimeshazila. Harusi ilikuwa imebaki siku tisa. Mimi najiona nimemaliza kazi: ngoma safi, besi safi, nyuzi nimezipanga vizuri kwenye laptopu. Bibi hakuijali besi. Alisikia fidla, akajua si fidla.

Kama wewe pia unatengeneza muziki chumbani, iwe Likoni, Changamwe au Mtopanga, haya umeshayapitia. Unapata sauti za fidla zilizorekodiwa na wapigaji wa kweli, noti moja moja. Kila noti peke yake ni tamu. Ukiziunga, unasikia mtu anapanda ngazi za gorofa na viatu vya mbao. Shida iko pale katikati, noti moja inapoiachia nyingine. Mpigaji wa kweli pale huteleza. Waitaliano wanaita portamento, yaani kubeba sauti. Wahindi wanaita meend. Sisi watu wa Pwani tumekua nayo masikioni bila hata kuuliza jina lake.

Manake fikiria muziki wa nyumbani. Taarab ya Zanzibar ilichota sana kwa okestra za Misri, ndiyo maana vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanza 1905, na Culture Musical Club cha 1958, vinajulikana kwa safu zao za fidla. Huku Mombasa, Juma Bhalo alipendwa kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Misri na India, kote huko sauti huvutwa. Halafu kinanda kikaingia harusini, wapigaji wakapungua, na fidla ikawa kitufe. Bibi yako bado anakumbuka ilivyokuwa. Huwezi kumdanganya.

Basi usiku ule nikarudi Likoni, nikawasha kuteleza kwenye noti zote. Zote! Ikawa paka amekanyagwa mkia. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili sababu ya karo, na nyumbani nilishawaambia muziki ndio kazi yangu. Sasa kazi yenyewe ndiyo hiyo inalia nyau.

Kesho yake nikavuka feri, nikapanda matatu hadi Changamwe, kwa mzee mmoja aliyepiga fidla harusini miaka mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Nikamwekea wimbo. Akasikiliza mara moja tu, akasema, "Uimbe."

"Wimbo?"

"Huo mstari wa fidla. Uimbe kwa mdomo."

Sauti yangu ni ya chura, lakini mzee alikuwa anangoja. Nikaimba la-la-la. Nilipofika mahali pa kupanda, koo likajivuta lenyewe. Mzee akainua kidole. "Hapo. Na pale mwisho, unaposhuka. Kwengine kote usiteleze, utawachosha watu."

Mstari mzima ulikuwa na noti kumi na tisa. Zilizohitaji kuteleza zilikuwa mbili.

Hilo ndilo somo la kwanza na ndilo kubwa: imba kabla hujagusa kinanda. Pale koo lako linapovuta, weka alama. Mengine ni ufundi tu, na haya ndiyo niliyotoka nayo siku ile, pamoja na usiku kadhaa wa kukosea.

Kwanza, usivute mbali. Fidla ni kasha la mbao, na kasha halibadiliki kidole kikitembea. Ukiivuta sauti iliyorekodiwa, unalivuta na kasha lake pia, ndiyo maana ikipanda sana inakuwa katuni. Kaa ndani ya toni moja. Kama unataka kutoka G hadi B, ambazo ni toni mbili, tumia traki mbili. Noti ya G iivute juu hadi A. Noti ya B ianzishe ikiwa imeshushwa hadi A, halafu ipande kwake. Pale kwenye A, ya kwanza ififie na ya pili ichomoze. Sikio halitaona mshono. Lakini kila moja iwe na chaneli yake, kwa sababu gurudumu la kuvuta sauti huvuta kila kilicho kwenye chaneli.

Pili, chelewa. Noti ya kwanza ipe karibu muda wake wote. Kidole huondoka mwishoni, polepole, kisha kikaharakisha na kufika kabla tu ya pigo. Mimi huanza na kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, halafu naongeza kwa wimbo wa polepole. Mchoro wako uwe wa mpindo. Mstari ulionyooka kama rula unasikika ni mashine.

Tatu, punguza sauti kidogo njiani. Mpigaji anapoteleza huulegeza upinde, halafu huubana tena akifika. Chora bonde dogo la sauti hapo. Na mtetemo usimame wakati wa safari, urudi akishatulia. Ukipata rekodi ambazo hazina mtetemo, tumia hizo, uongeze wako mwenyewe.

Nne, heshimu mkono. Uzi wa chini kabisa wa fidla ni G. Chini yake hakuna kitu, kwa hivyo usiteleze kwenda huko. Na kama umepanga fidla tatu, zisiteleze pamoja kama askari wa gwaride. Moja iwahi kidogo, nyingine ichelewe.

Kwa wale wa FL Studio: zile noti za kuteleza hufanya kazi kwa ala za FL yenyewe. Ukifungua Kontakt ndani yake, haitazisikia. Chora mvuto kwa mkono.

Halafu kuna jambo moja mashine haikupi bure. Makam kama Rast na Bayati zina noti zinazokaa kati ya vitufe vya kinanda, karibu robo toni. Gurudumu la MIDI lina hatua 16,384, na katikati ni 8,192. Likiwa limewekwa kuvuta toni moja kila upande, robo toni ni hatua 2,048. Hiyo ni hesabu tu. Kuteleza na kutua pale kwa namna ya watu wetu ni kitu kingine. Sauti nyingi zinazouzwa zimerekodiwa London na Vienna, na wapigaji wa huko, kwa nyimbo za huko.

Ndiyo maana siku ile sikuondoka mapema. Vidole vya mzee vinamuuma, wimbo mzima hawezi tena. Lakini alipiga miteremko na mipando kumi na moja, mmoja mmoja, akipumzika kila baada ya miwili. Nilirekodi yote. Wa mwisho kwenye wimbo wa harusi ni wake halisi. Ule wa kwanza niliutengeneza mimi nikiufuata.

Nikarudi Kisauni siku nne kabla ya harusi. Bibi akasikiliza hadi mwisho, akanirudishia simu.

"Nani huyu aliyepiga?"

Nikamtajia jina la mzee. Akashika mdomo.

"Kumbe bado yuko hai!"

Salio langu nilipewa, na mzee nikampelekea sehemu yake. Rekodi kumi na moja ninazo, na nimeziweka mahali patatu, maana laptopu za siku hizi unazijua. Mtaani kwenu pia yuko mtu kama huyo, wa fidla, wa udi au wa zumari. Nenda na kinasa sauti, na usiende mikono mitupu.