NANI ANAKUJUA? KOMPYUTA ZA KIKUNDI NA NENO LA SIRI

Vikundi vingi vya kujisaidia hapa Likoni, Kisauni na Changamwe sasa vinaweka hesabu zao kwenye kompyuta. Vingine vina mashini moja tu waliyochangiwa. Vingine hutumia chumba cha parokia chenye kompyuta tatu nne zilizounganishwa kwa waya, na daftari la mikopo limo ndani ya mojawapo. Hapo ndipo swali linapoanza. Mashini inajuaje kwamba aliyeketi mbele yake ni mweka hazina, si mtoto wa jirani? Na mweka hazina akibadilishwa kwenye uchaguzi, mashini itajuaje?

Wengi hudhani kompyuta zikishaunganishwa basi zinajuana. Hazijuani. Waya ni kama barabara ya kutoka Magongo kwenda Mikindani: inakufikisha, lakini haimwambii mtu wa Mikindani wewe ni nani. Ziko njia mbili za kumtambua mtu, na ni vizuri kikundi kijue kimo katika njia ipi kabla fundi hajaleta bei yake.

KILA MASHINI NA DAFTARI LAKE

Njia ya kwanza mafundi huiita wakigrupu, yaani kikundi cha kazi. Jina hili lilienea tangu 1992, kampuni ya Microsoft ilipotoa Windows for Workgroups. Linatufaa sisi wa vikundi, lakini lisitudanganye, kwani kikundi hiki hakina mwenyekiti. Kila kompyuta ina daftari lake la majina ndani yake, na haimuulizi mwenzake.

Fikirieni akaunti ya benki. Benki ina kadi yenye sahihi za wale viongozi watatu wanaoruhusiwa kutoa pesa. Kama kikundi kina akaunti katika benki tatu, kuna kadi tatu. Uchaguzi ukifanyika mnabeba kumbukumbu za mkutano mpaka benki ya kwanza na sahihi zinabadilishwa. Benki ya pili haina habari. Mkiisahau ile ya tatu, mweka hazina wa zamani bado anaweza kutoa pesa kule. Kompyuta za wakigrupu ni hivyo hivyo. Kumwondoa mtu kwenye mashini moja si kumwondoa kwenye zote.

Kuna jambo hapa linalochanganya watu. Umeketi kwenye kompyuta ya kwanza, unafungua faili iliyo kwenye ya pili, nayo inafunguka bila kuulizwa chochote. Mtu husema, "Si unaona, zinajuana!" La. Ya kwanza imepeleka jina lako, ya pili ikatazama daftari lake yenyewe, ikakuta jina kama hilo lenye neno la siri kama hilo, ikakuacha upite. Badilisha neno la siri kwenye ya kwanza leo, uone kama kesho ya pili haitakukataa. Kwake yeye, Fatuma wa mashini ya kwanza na Fatuma wa mashini ya pili ni watu wawili waliofanana majina.

Neno la siri lenyewe haliandikwi wazi katika daftari hilo. Kompyuta hulisaga kama mahindi na kuweka unga wake, na unga haurudi kuwa mahindi. Ukiandika neno lako, inalisaga tena na kulinganisha unga na unga. Ndiyo sababu ukisahau neno lako fundi hafungui mahali na kukusomea, bali anakuwekea jipya. Hata mashini mbili zikiulizana kwa waya, neno halitumwi. Ya pili hutoa tarakimu za kubahatisha, ya kwanza inazichanganya na unga wake na kurudisha jibu, kisha ya pili inapiga hesabu hiyo hiyo kuona kama yanalingana. Ni kazi ya akili sana. Lakini kama neno lenu ni jina la kikundi au 1234, mwizi aliyepata ule unga atasaga maneno mepesi mmoja mmoja mpaka apate unaofanana. Hilo halichukui muda.

DAFTARI MOJA LA WOTE

Njia ya pili huitwa domeni, na kwa upande wa Windows ilikuja na Windows NT mwaka 1993. Sisi Wakatoliki tunao mfano wake nyumbani. Mtu akibatizwa Changamwe, jina lake huandikwa katika kitabu cha ubatizo cha parokia hiyo. Akipata kipaimara Likoni au kufunga ndoa Kisauni, habari hurudishwa ikaandikwe katika kitabu kile kile. Padri wa mahali popote akitaka kujua hali ya mtu huyu, anauliza kule alikobatizwa.

Katika domeni kitabu hicho kimo ndani ya kompyuta moja kubwa iitwayo seva. Kompyuta nyingine haziamui zenyewe. Unaweza kuketi mbele ya yoyote kati yake, ukaandika jina lako, nayo itaiuliza seva. Hata mashini zenyewe zimeandikishwa. Mashini ngeni haiingii domeni hivi hivi tu.

Tangu Windows 2000 kazi hii hufanywa kwa utaratibu uitwao Kerberos, uliobuniwa miaka ya 1980 katika chuo cha MIT huko Marekani na kupewa jina la mbwa wa vichwa vitatu wa hadithi za Wagiriki. Unafanya kazi kama semina ya siku nzima. Asubuhi unajiandikisha mlangoni na kupewa beji. Saa ya chakula unamwonyesha beji yule wa mezani, anakupa kikaratasi cha chakula, na mpishi anatazama kikaratasi tu. Hakuulizi kitambulisho, wala neno lako la siri halizunguki kila mahali. Kwa kawaida beji hiyo hudumu saa 10, kisha inachukuliwa upya.

Kwa sababu vikaratasi hivyo vina saa juu yake, saa za mashini ni lazima zikaribiane. Kwa kawaida zikipishana zaidi ya dakika 5, seva inakataa. Wenye kompyuta kuukuu za kuchangiwa wakumbuke hili: kile kibetri kidogo cha ndani kikifa, mashini huamka ikidhani ni mwaka mwingine kabisa, na mtu anakataliwa ilhali neno lake la siri ni sawa. Mnahangaika na fundi kumbe shida ni betri.

Faida kubwa ya domeni ni pale mtu anapoondoka. Jina linafungwa mahali pamoja na milango yote inafunga. Aliye ndani tayari anaweza kubaki na kikaratasi chake mpaka muda wake uishe, kwa hivyo mwambieni azime mashini kwanza.

Hasara yake ni kwamba seva ikilala, wote wamelala. Kwa kawaida kompyuta za Windows huwakumbuka watu 10 wa mwisho walioingia, kwa hivyo unaweza kufungua mashini hata seva ikiwa imezimwa, lakini faili zilizo kwenye seva hutazipata. Wakenya tulionja jambo la namna hii Julai 2023, eCitizen iliposhambuliwa. eCitizen si domeni ya Windows, lakini wazo linafanana: mlango mmoja wa huduma nyingi. Mlango ulipozibwa, watu wa mahitaji mbalimbali walikwama pamoja. Tena anayeisimamia seva ana ufunguo wa kila chumba, na huyo ni lazima awe mtu mnayemwamini kuliko mweka hazina.

KIPI KITUFAE?

Mimi naona kikundi chenye kompyuta tatu au nne hakihitaji domeni. Seva ni gharama, inataka stima wakati wote wa kazi, inataka mtu wa kuiangalia, na afadhali ziwe mbili ili moja ikifa kazi isisimame. Pia Windows ya aina ya Home haiwezi kuingia domeni, kwa hivyo fundi akiwauzia seva bila kutazama mashini zenu zina Windows gani, muulizeni vizuri. Microsoft wenyewe husema wakigrupu ni ya kompyuta chache, kwa kawaida zisizozidi 20. Shule kubwa au ofisi ya jimbo ni habari nyingine. (Wanaoweka hesabu kwa simu kupitia akaunti ya Google wako karibu na njia ya pili, ila daftari la majina liko kwa kampuni.)

Hatari kubwa iko kwingine. Ni ule mtindo wa neno moja la siri la kikundi kizima, limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Siku mkopo wa shilingi 20,000 unaposomeka 2,000, mashini itawaambia nini? Itasema "kikundi" ndicho kilichobadilisha. Mama aliyelipa vizuri atashukiwa sawa na aliyechezea hesabu, na nyote mnajua shuku ya pesa inavyovunja kikundi. Tena humo mna nambari za vitambulisho na simu za wanachama, ambazo sheria ya 2019 ya kulinda habari za watu inatutaka tuzitunze.

Basi kila mtu awe na jina lake katika kila mashini anayoitumia, na neno lake peke yake. Katibu awe na daftari la karatasi lenye orodha ya kila mashini na majina yaliyomo. Siku ya uchaguzi, kabla ya chai, viongozi wapya na wa zamani wazunguke na daftari hilo mashini kwa mashini, wakifunga jina moja na kufungua lingine. Kama mnakwenda benki kubadilisha sahihi wiki hiyo, kazi hii ifanywe kwanza, maana ni ya hapo hapo chumbani.

Na lile jina la msimamizi, lenye uwezo wa kubadilisha kila kitu, lisitumiwe kwa kazi za kila siku. Neno lake la siri litiwe ndani ya bahasha, bahasha ipigwe sahihi na viongozi watatu mahali inapofungwa, na ikae katika kabati la ofisi ya parokia. Ikifunguliwa, iandikwe katika kumbukumbu ni nani aliyeifungua, lini, na kwa kazi gani, kisha neno libadilishwe.