Umeme Upo, Njia Imejaa



Wanachama wa vyama vyetu vya Temeke na Kinondoni huuliza swali ambalo ni la haki kabisa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lilianza kutoa umeme Februari 2024, na kufikia mwaka 2025 mitambo yake yote 9, kila mmoja megawati 235, ilikuwa imekamilika: jumla megawati 2,115. Machi 2024 Tanesco ilifikia hata kuzima vituo vitano vya maji kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Mbona basi saa moja usiku taa za Mbagala hufifia, na mota ya mashine ya kusaga ikanguruma bila kuzunguka?

Jibu ni kwamba kuzalisha umeme ni kazi moja, na kuufikisha ni kazi nyingine. Tukumbuke pantoni ya Magogoni kabla daraja la Kigamboni halijafunguliwa mwaka 2016. Embe zikijaa ng'ambo na pantoni ikajaa, embe zilizobaki huko hazimfai mnunuzi wa Feri hata zikitolewa bure. Naye akitaka zaidi, hana budi kununua zilizotoka kwingine kwa bei kubwa.

Bwawa ndiyo ng'ambo yetu. Njia ya msongo wa kilovoti 400 iendayo Chalinze, vituo vya kupoza umeme, transfoma na nyaya za mitaani ndizo pantoni. Lakini abiria hungoja gatini, ilhali umeme haungoji. Waya ukibebeshwa kupita uwezo wake huchemka, na swichi za ulinzi hukata. Kwa hiyo iwapo iliyojaa ni njia kuu, msimamizi wa gridi aweza kuwasha mitambo ya gesi iliyo karibu na mji, Kinyerezi au Ubungo, ingawa umeme wake ni ghali kuliko wa maji. Iwapo iliyojaa ni transfoma ya Mbagala, mitambo hiyo haisaidii kitu, maana umeme wake nao lazima upite mlango ule ule. Hapo pana mawili tu: kuongeza transfoma, au kupunguza matumizi ya saa ile. Msimamizi asipopata la kwanza hulazimika kukata laini moja ili nyingine zipone.

Je, msongamano huo una bei? Tuchukue tarakimu za mfano tu. Njia hubeba uniti 100. Uniti ya maji ni shilingi 50, ya gesi shilingi 150. Mji wahitaji uniti 120. Uniti 20 za mwisho zitatoka kwenye gesi. Upande wa mto, uniti moja ya ziada ingegharimu shilingi 50. Upande wa mji, shilingi 150. Shilingi 100 za tofauti ndiyo bei ya kujaa kwa njia, nayo humwonyesha mpangaji mahali panapostahili waya mpya. New Zealand hupanga bei ya jumla kwa mahali namna hiyo tangu mwaka 1996.

Kwetu, mteja wa kundi moja hulipa bei moja nchi nzima. Mimi naona ni sawa: mkazi wa Mbagala hakuichagua transfoma yake, wala haifai aadhibiwe kwa udogo wake. Hata hivyo gharama ya mahali haifutiki kwa kutoandikwa kwenye ankara. Machi 2025 Serikali ilieleza kwamba kusafirisha umeme hadi mikoa ya kaskazini hupoteza takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka, na ndiyo sababu ikafikiria kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya.

Sasa tuangalie ankara ya chama. Kwa agizo la Ewura la mwaka 2016, mteja wa kundi la T2, yaani atumiaye zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi, hutozwa shilingi 195 kwa uniti, na juu yake shilingi 15,004 kwa kila KVA ya matumizi yake ya juu kabisa ya mwezi. Hiyo ya pili ndiyo ada ya kujaza njia. Chama kiwashacho mashine za kusaga, za kukoboa na za mbao kwa pamoja, kikafikia KVA 60, kitalipa shilingi 900,240. Kikizipokezana hata zisizidi KVA 40, ni shilingi 600,160, kwa kazi ile ile. Kuzisahau siku moja tu kwaharibu hesabu ya mwezi mzima.

Kasoro iko hapa: ada hiyo hupima kilele cha chama, si kilele cha njia. Asagaye usiku wa manane, transfoma ikiwa imepumzika, hulipa sawa na asagaye saa moja usiku. Uganda viwanda hutozwa zaidi kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku. Kenya, Desemba 2017, ilianza kuvipunguzia nusu ya bei ya uniti saa za usiku na mapumziko.

Ewura hupokea maoni ya wananchi kabla ya kutoa agizo jipya la bei. Vyama vyenye mashine vianze sasa kuandika, kila siku, saa za kuwasha na kuzima na saa umeme ulipofifia. Daftari hilo lipelekwe huko pamoja na ankara za miezi 12.