Kokwa la Zambarau Likifika Maabara

Msimu wa zambarau ukiingia Pwani, ndimi za watoto hubadilika rangi na njia hujaa madoa. Kokwa nyingi hutupwa. Ila zipo nyumba zinazoziokota, zikaanikwa mpaka zikauke kabisa, kisha zikatwangwa kuwa unga mchungu unaokausha ulimi. Kijiko kimoja kwenye maji ya vuguvugu, na mwenye kisukari amekunywa dawa yake. India, ambako mzambarau ni mti wa asili, matumizi hayo ni ya tangu enzi na enzi.

Maabara, unga huohuo hulowekwa kwenye ethanoli, huchujwa, na maji yake hukaushwa hadi kubaki uji mzito wa kahawia. Hiyo ndiyo dondoo. Kiasi kidogo chake hutiwa kwenye neli yenye kemikali iitwayo DPPH, ambayo nayo, kwa sadfa nzuri, ni ya rangi ya zambarau. Dondoo ikiwa na antioksidanti za kutosha, rangi hufifia taratibu na kuishia njano.

Kipimo hicho ni rahisi, hakihitaji mnyama wala mgonjwa. Ndiyo sababu tafiti zinazosifu mlonge, mwarobaini na karela haziishi. Lakini chai ya rangi ya kila asubuhi nayo hufaulu mtihani huo, na hakuna aliyepona kisukari kwa chai.

Hoja yenyewe ina msingi: sukari ikizidi kwenye damu, huzalishwa molekuli haribifu zinazochangia kuumiza mishipa, macho na figo, na antioksidanti huzituliza. Tatizo ni kwamba mwili si neli. Mwaka 1994 watafiti wa Finland walitangaza matokeo ya kuwapa wavuta sigara beta-karotini, antioksidanti ya karoti, wakitumaini kuwakinga na saratani ya mapafu. Waliopewa waliugua saratani hiyo zaidi ya wasiopewa.

Zambarau nayo imeshapimwa kwa wagonjwa. Huko Porto Alegre, Brazil, madaktari waliwalinganisha wagonjwa wa kisukari waliokunywa chai ya majani ya mzambarau na waliomeza glibenklamidi, kidonge cha kawaida cha kisukari. Kidonge kilishusha sukari. Chai haikushusha.

Je, mitishamba haina lake? Ingekuwa hivyo, kliniki za kisukari zingekosa metformin. Asili yake ni galega, mmea wa Ulaya wenye maua ya zambarau au meupe, uliokuwa ukitumiwa kwa watu wanaokojoa kupita kiasi. Ndani yake mna galejini, inayoshusha sukari kweli, na inayoua kondoo vilevile. Ilijaribiwa kwa binadamu miaka ya 1920 ikaachwa kwa sababu ya sumu yake. Metformin, ndugu yake mpole aliyetengenezwa Dublin mwaka 1922, ilikaa bila kutumiwa kwa kisukari mpaka daktari Jean Sterne wa Paris alipotoa matokeo yake ya kuwatibu wagonjwa, mwaka 1957. Marekani iliiidhinisha 1994.

Kilichopatikana katika miaka yote hiyo ni kipimo cha dozi. Kidonge cha miligramu 500 kina miligramu 500, leo na kesho. Kijiko cha unga wa kokwa hubadilika kwa mti, kwa udongo, kwa jua lililoukausha na kwa mkono wa aliyechota.

Hatari kubwa, basi, huenda isiwe mmea usiofanya kazi. Karela, kwa mfano, ina viini vinavyoweza kushusha sukari. Mgonjwa anayekunywa maji yake huku akijidunga insulini anaweza kutokwa jasho jembamba, mikono ikatetemeka, akapoteza fahamu, na daktari aliyempangia dozi asijue kilichotokea. Wagonjwa wengi hawayataji mambo haya kliniki, wakihofia kukaripiwa. Muuguzi anayeuliza bila kununa, "Mama, na nyumbani unatumia nini?", hupata majibu ambayo hayamo kwenye faili.