Miale imo nyumbani kabla hujafika kwa eksirei

MIEZI miwili iliyopita, mama mmoja alimleta kwangu mwanawe wa miaka tisa. Mtoto alikuwa amekohoa kwa wiki tatu na kuanza kukonda. Nilipomwandikia picha ya kifua, mama alikataa katakata. "Daktari, sitaki mtoto wangu atiwe miale," akasema. Nikamwambia kwamba mtoto huyo amekuwa akipata miale tangu akiwa tumboni. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

Huenda nawe, msomaji, ungeshangaa. Miale hii, ambayo pia huitwa mnururisho, haikuanza na hospitali wala na mabomu. Miamba na udongo vina madini kama yureniamu na thoriamu, ambayo chembe zake huvunjika zenyewe polepole, na zinapovunjika hutoa miale. Iko ya aina tatu. Alfa haifiki mbali. Karatasi tu huizuia, hata ngozi yako. Beta hupenya zaidi kidogo, lakini kipande chembamba cha alumini huikomesha. Gama ndiyo hupita mwilini kama eksirei, na kuipunguza huhitaji madini ya risasi au ukuta mnene wa saruji.

Miale mingine hutoka angani. Hewa hutukinga, kwa hivyo mkazi wa Nairobi, aliye mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, hupata mingi kuliko nduguye aliye Mombasa. Mingine tunaila. Ndizi na maharagwe yana potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hutoa miale. Usiache ndizi kwa sababu hiyo! Bila potasiamu moyo wako hauwezi kupiga sawasawa.

Ukijumlisha yote, mtu wa kawaida duniani hupata takriban milisivati 2.4 kwa mwaka. Hicho ndicho kipimo tunachotumia. Picha moja ya kifua kwa kawaida haizidi milisivati 0.1, yaani kama wiki mbili za kuishi tu.

Karibu nusu ya hizo 2.4 hutokana na radoni, na hapa ndipo ningependa uwe makini. Radoni ni gesi isiyo na rangi wala harufu, itokanayo na yureniamu iliyo ardhini. Hupenya kwenye nyufa za sakafu na kujikusanya ndani ya nyumba isiyopitisha hewa. Nimesema alfa huzuiwa na ngozi, lakini ukiivuta hewa yenye radoni, alfa huanzia ndani ya mapafu, ambako hakuna ngozi ya kuizuia. Baada ya sigara, radoni ni miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu, na mvutaji sigara ndiye huumia zaidi. Dawa yake ni rahisi: ziba nyufa na ufungue madirisha, hata katika baridi ya Julai. (Wanaolala na jiko la makaa chumbani wana sababu nyingine ya kufungua, na hiyo huua usiku mmoja.)

Hapa kwetu, mfano unaojulikana sana ni Mlima wa Mrima, Kwale, wenye thoriamu nyingi kuliko kawaida. Miale huko hupita ile ya sehemu nyingi za nchi. Huko Kerala, India, ambako mchanga wa ufuo una thoriamu pia, watafiti waliofuatilia wakazi kwa miaka mingi hawakuona saratani ikizidi. Hata hivyo, mimi nisingeshauri mtu akandike nyumba yake kwa udongo wa Mrima.

Sisemi kwamba eksirei ni mchezo. Skani ya kompyuta ya kifua inaweza kufikia milisivati 7, karibu miaka mitatu ya miale ya kawaida, kwa hivyo una haki ya kumwuliza daktari inahitajika kwa nini. Ukiwa mja mzito, au ukishuku tu, sema kabla ya kuingia chumbani.

Mama yule alitaka kwanza kujua kama nami nimewahi kuwapiga wanangu picha. Nilimjibu ndiyo, mmoja wao mara mbili. Picha ilionyesha kifua kikuu. Mtoto sasa yuko katika mwezi wa pili wa dawa na amerudi shuleni.