Bomba la chuma likifunguka baada ya kupasuliwa, nani alipe?

WAFANYABIASHARA wa mabomba ya chuma wanaovusha mizigo Tunduma, Namanga au Busia hukagua mambo matatu: kipenyo, unene na uzito. Lipo la nne ambalo macho wala mizani haviwezi kulionyesha, nalo ni mkazo uliobaki ndani ya chuma baada ya bomba kutengenezwa.

Mkazo huo huanzia kiwandani. Bamba hukunjwa likiwa baridi mpaka liwe duara, kisha kingo zake huchomelewa. Chuma hubaki kikitaka kurudi kilivyokuwa, lakini kiungo hukizuia. Fundi anapopasua bomba kwa urefu, linafunguka. Mara nyingi mnunuzi hudai mzigo umeharibikia njiani, na msafirishaji hubebeshwa lawama.

Kipimo chepesi kwa mabomba membamba hutumia tabia hiyohiyo. Hukatwa kipande cha sampuli, kipenyo chake kikapimwa, kikapasuliwa upande mmoja kwa urefu, kisha kipenyo kikapimwa tena. Kikitanuka, upande wa nje ulikuwa ukivutwa; kikijibana, ulikuwa ukigandamizwa.

Kwa mfano, bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 60 na unene wa milimita 3 likitanuka hadi milimita 61, hesabu inaonyesha mkazo wa karibu megapaskali 190. Chuma cha kawaida cha daraja la S235 huanza kupinda moja kwa moja kikifikia megapaskali 235. Maana yake, karibu asilimia 80 ya uwezo wa chuma hicho imekwisha kutumika katika sehemu hiyo kabla bomba halijabeba mzigo wowote.

Zipo njia nyingine. Mojawapo ni kutoboa tundu dogo katikati ya vipimio vya umeme vilivyogandishwa juu ya bomba na kusoma jinsi chuma kinavyolegea. Nyingine ni miale ya eksirei, ambayo haikati bomba, ila husoma tabaka jembamba sana la juu tu.

Athari haziishii kwenye kufunguka. Waingereza walipokuwa wakitawala India, maganda ya risasi ya shaba iliyochanganywa na zinki yalipasuka yenyewe ghalani wakati wa masika. Mwaka 1921 watafiti wa Uingereza walieleza chanzo: mkazo uliobaki ndani ya maganda ulikutana na amonia iliyokuwa hewani. Tiba ilikuwa kuyapasha moto kwa kiasi ili mkazo upungue. Mabomba ya chuma nayo hupunguziwa mkazo kwa kupashwa moto hadi karibu nyuzi 600 za Selsiasi, kisha kuachwa yapoe polepole.

Cheti cha kiwanda aina ya 3.1 kwa kiwango cha EN 10204 huonyesha mchanganyiko wa madini na nguvu ya chuma, lakini kwa kawaida hakitaji mkazo uliobaki. Mnunuzi anayeuhitaji hana budi kuuandika kwenye oda, akitaja njia ya kupima na kiwango cha juu anachokubali.

Kwa msafirishaji, sampuli ipasuliwe kabla ya kupakia mbele ya pande zote, na vipimo viandikwe kwenye hati ya mzigo. Bomba lililogongwa njiani huwa na bonde au mchubuko mahali palipogongwa. Linalofunguka sawasawa kwa urefu wote bila alama yoyote, dalili zinaelekea kiwandani, si barabarani.