Ubongo: Kiungo Kisichouma Kinapoumia

Jino likioza, mwenye jino halali. Mwiba ukimchoma mtu unyayoni, huutafuta papo hapo. Maumivu ni mjumbe anayetupeleka zahanati hata tusipopenda kwenda. Mwili, hata hivyo, una kiungo kimoja kinachoweza kufa sehemu kwa sehemu bila mwenye nacho kuhisi uchungu wowote. Nacho ni ubongo. Ndani ya nyama yake hamna vipokezi vya maumivu. Ndiyo maana daktari wa upasuaji Wilder Penfield, aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada katika karne ya 20, aliweza kuwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, baada ya kutia ganzi ngozi ya kichwa tu. Alipougusa ubongo kwa umeme hafifu, wagonjwa walimweleza kwamba mkono umecheza, au kwamba ulimi umetekenywa. Mguso wenyewe haukuwauma.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mji mdogo kama Kintinku, wilayani Manyoni, uliopo kwenye Reli ya Kati baina ya Bahi na Saranda. Picha ya kichwa kwa mashine ya CT hupatikana katika hospitali kubwa, kama vile Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Safari hiyo huhitaji gari, fedha na uamuzi. Familia ikimsikia mgonjwa akisema, "Siumwi popote, mkono tu umekuwa mzito," huona afadhali alale kwanza, watazame asubuhi. Makala haya yanaeleza jinsi ubongo ulivyoumbwa na kazi zake, ili msomaji azitambue ishara za kiungo hiki kisichouma.

Nyumba ya ubongo

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4. Umehifadhiwa ndani ya fuvu, ukazungushiwa tando tatu, na huelea katika maji maangavu yanayopunguza mishtuko. Tando hizo na mishipa mikubwa ya damu ndizo zenye uwezo wa kuhisi maumivu. Kwa hiyo mtu anapoumwa kichwa kwa homa ya uti wa mgongo, kinacholalamika si nyama ya ubongo, bali ni tando zilizovimba.

Ijapokuwa ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote inayotumiwa na mwili. Wala hauna ghala la maana la chakula au hewa. Hutegemea damu inayopanda shingoni bila kukoma. Damu ikikatika kabisa, mtu hupoteza fahamu kwa muda wa sekunde 10 hivi.

Kila sehemu na kazi yake

Ubongo una sehemu kuu tatu: ubongo mkubwa, ubongo mdogo na shina la ubongo. Ubongo mkubwa umegawanyika nusu mbili, kulia na kushoto, na kila nusu ina kanda nne, ambazo msomaji anaweza kuzifuata kwa kiganja chake. Nyuma ya paji la uso kuna kanda ya kupanga, kuamua, kujizuia na kuamuru viungo vitembee. Chini ya utosi kuna kanda ya kupokea hisia za ngozi: baridi, joto na mguso. Ndani ya panja, karibu na sikio, kuna kanda ya kusikia, kuelewa maneno na kutunza kumbukumbu. Kwenye kisogo kuna kanda ya kuona. Kwa hiyo mtu aweza kupoteza uwezo wa kuona ilhali macho yake ni mazima.

Ubongo mdogo, ulio chini ya kisogo, huratibu mizani na ulaini wa mwendo. Ukidhurika, mtu hutembea kama mlevi hata kama hajaonja pombe. Shina la ubongo huunganisha yote na uti wa mgongo. Humo mna vituo vya pumzi, mapigo ya moyo, kumeza na kuwa macho.

Kanuni moja hufaa kukumbukwa na kila mhudumu wa afya: nyuzi nyingi za neva zinazoamuru misuli huvuka upande zinapofika sehemu ya chini ya shina la ubongo. Nusu ya kushoto huongoza mkono na mguu wa kulia, na ya kulia huongoza wa kushoto.

Wanasayansi walijifunza mgawanyo huu kwa kuwachunguza watu waliodhurika. Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca aliupima ubongo wa marehemu ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa aliyoambiwa. Alikuta jeraha katika kanda ya mbele ya nusu ya kushoto. Kabla ya hapo, tarehe 13 Septemba 1848, Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli nchini Marekani, alipenywa na mtaimbo wa kushindilia baruti, ulioingia chini ya shavu la kushoto na kutokea juu ya kichwa. Alipona, akatembea na kusema, akaishi hadi mwaka 1860; lakini waliomjua walisema hakuwa tena mtu yule yule. Alikuwa mwepesi wa matusi na mzito wa kushika mipango. Kisa hiki kinawahusu pia walioanguka na bodaboda. Kijana aliyebadilika tabia baada ya kuumia kichwa asihukumiwe upesi kuwa amekosa adabu, apelekwe akapimwe.

Kuisoma dalili

Sasa tuchukue mfano wa mkulima wa uwele anayeamka alfajiri, mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki, na maneno hayatoki. Mkono ni mzima na ulimi ni mzima. Kwa kanuni tulizoziona, tatizo liko katika nusu ya kushoto ya ubongo, penye lugha na mwendo wa upande wa kulia. Yaelekea mshipa wa damu umeziba au umepasuka. Hicho ndicho kiharusi. Wapo watakaosema amepigwa na upepo mbaya au amerushiwa jini. Hatuwadharau, ugonjwa unaomwangusha mtu ghafla bila maumivu wala jeraha lazima uzue maswali. Ila jibu limo ndani ya fuvu, na halisubiri: katika kiharusi cha kawaida cha mshipa mkubwa kuziba, inakadiriwa kwamba seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Utafiti uliofanywa wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006, baada ya kuzingatia tofauti za umri, ulikuta wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 316 Dar es Salaam.

Yeyote nyumbani aweza kupima kwa mambo matatu: mwambie mgonjwa atabasamu, ainue mikono yote miwili, na arudie sentensi fupi. Uso ukipinda upande mmoja, mkono mmoja ukishuka, au maneno yakivurugika, tafuteni usafiri saa hiyo hiyo. Maumivu makali ya kichwa yanayolipuka ghafla nayo ni dharura, kwani huenda damu inavuja.

Kabla ya safari

Andikeni saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali inapopatikana, hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu. Asipewe uji, maji wala vidonge kabla ya kuhakikisha anameza salama. Aliyepoteza fahamu alazwe ubavu. Asipewe aspirini kabla ya picha ya kichwa, kwa maana kwa macho hatuwezi kutofautisha mshipa ulioziba na uliopasuka. Mhudumu wa zahanati apime sukari mara moja, kwa kuwa sukari iliyoshuka huweza kuiga kiharusi na hutibika papo hapo. Apime na shinikizo la damu, lakini asilishushe kwa haraka bila maelekezo ya daktari.

Shinikizo la juu la damu, lililo chanzo kikubwa cha kiharusi, lina tabia ile ile ya ubongo: haliumi. Wengi huacha vidonge kwa sababu wanajisikia vizuri, ilhali kujisikia vizuri huko mara nyingi ni kazi ya vidonge. Basi neno "siumwi" lisiwe kipimo chetu. Aliye na umri wa miaka 40 na zaidi aombe kupimwa kila afikapo kituoni, hata akiwa amemsindikiza mtoto kliniki. Na aliyeandikiwa dawa azimeze kila siku, asiziache mpaka azungumze na daktari wake.