Baada ya Kengele ya Mwisho: Shughuli za Nje ya Darasa katika Shule za Kanisa Katoliki

Kila mwaka unapokaribia ukingoni, korosho zikiwa zimekwisha kufikishwa ghalani na fedha za mnada zikianza kuingia, wazazi wengi wa mwambao wa Mtwara hutafutia watoto wao shule. Wapo wanaoridhika na shule ya Serikali iliyo jirani, na wapo wanaozifikiria shule zisizo za Serikali, zikiwemo zinazomilikiwa na Kanisa Katoliki. Hawa hupewa karatasi ya maelekezo ya kujiunga. Sehemu kubwa ya karatasi hiyo hueleweka bila taabu: ada, sare, godoro, ndoo, madaftari. Maswali huzuka panapotajwa viatu vya michezo, ziara ya mafunzo, sikukuu ya somo wa shule, kwaya, TYCS na mahafali. Mzazi wa Msimbati ambaye ni Mwislamu, kama walivyo wengi wa mwambao huu, hujiuliza kama mwanawe atalazimika kuimba kanisani. Mzazi Mkristo naye hujiuliza kama fedha hizo zinanunua elimu au sherehe.

Maswali yote mawili ni ya haki, na jibu lake linahitaji kwanza kufahamu shughuli hizo zilikotoka.

Katika ukanda wa kusini, shule za Kikatoliki ni zao la wamisionari wa Kibenediktini waliotoka Mtakatifu Otilia, nchini Ujerumani. Walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895 na ya Nyangao mwaka uliofuata. Zote mbili ziliharibiwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, na mwaka 1906 kazi ikaanzishwa upya Ndanda, ambako abasia ipo hadi leo pamoja na hospitali, karakana na kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu vingi vya Kiswahili. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto huigawa siku ya mtawa kati ya sala, kusoma na kazi ya mikono, na kila kimoja kina saa yake. Desturi hiyo ya monasteri ilihamia shuleni. Mwanafunzi wa Ndanda aliamshwa kwa kengele, akasali, akasoma, akalima bustani, akacheza mpira, akaimba, na hakuna lolote kati ya hayo lililosubiri mwalimu apate nafasi. Miongoni mwa waliopita katika malezi hayo ni hayati Benjamin William Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu, mzaliwa wa Lupaso, aliyesoma Ndanda, kisha Seminari ya Kigonsera na baadaye Pugu.

Pwani mambo yalikwenda tofauti. Misheni ilijengwa bara, na mtoto wa Msimbati au Mikindani alikuwa na chuo chake cha Kurani karibu na nyumbani. Wazee wengi waliiogopa shule ya misheni kwa sababu waliiona kuwa mlango wa kubadilisha dini ya mtoto, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni, kwa kuwa shule na ubatizo vilitembea pamoja katika zama hizo. Matokeo yake yalionekana baada ya Uhuru, pale idadi ya wasomi wa bara ilipoizidi kwa mbali ile ya pwani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa Serikali ili zifunguliwe kwa watoto wote bila kujali dini. Shule ya Sekondari Ndanda ni moja ya shule hizo, na mpaka sasa ni ya Serikali. Baadaye taasisi za dini ziliruhusiwa tena kumiliki shule, na mwaka 1992 Serikali na makanisa yalitiliana saini makubaliano kuhusu huduma za elimu na afya. Kwa hiyo shule ya Kikatoliki ya leo, ingawa mmiliki wake ni jimbo, shirika la watawa au abasia, husajiliwa na Wizara ya Elimu, hufuata mtaala wa Taifa, hukaguliwa na wathibiti ubora wa shule, na wanafunzi wake hufanya mitihani ileile ya NECTA.

Hili ndilo linalompa mzazi nguvu ya kuuliza. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani, na mtoto hauachi uhuru huo langoni mwa shule. Hata hivyo, shule ya Kanisa nayo ina haki ya kuwa na mwelekeo wake, kuadhimisha sikukuu zake na kuanza siku kwa sala. Mahali haki hizi mbili zinapokutana ndipo penye migogoro midogo ambayo ingeepukika kama mambo yangesemwa mapema. Kabla ya kulipa ada, mzazi asiye Mkatoliki anashauriwa kuuliza: Je, kuhudhuria Misa ni lazima kwa kila anayelala bweni? Mwanafunzi Mwislamu hupata nafasi ya kuswali Ijumaa? Mwezi wa Ramadhani, jiko huandaa daku na futari? Vipindi vya dini hugawanywaje? Shule hazijibu maswali haya kwa namna moja. Nyingine zina wanafunzi wengi wa Kiislamu na utaratibu ulio wazi, nyingine hazijawahi kuulizwa. Kuuliza si utovu wa adabu. Jibu likitolewa kwa maandishi, mwalimu, mzazi na mtoto wote watatu huwa salama.

Zipo shughuli zilizo za kidini waziwazi, na ni vyema kuzijua kwa majina. TYCS ni umoja wa wanafunzi Wakatoliki wa Tanzania, tawi la umoja wa kimataifa wa wanafunzi Wakatoliki. Hutumia njia ya hatua tatu: kuona, kuamua na kutenda. Wanafunzi huanza kwa kutazama jambo linalowazunguka, labda mwenzao aliyeacha shule au choo kisicho na maji, hulipima kwa mafundisho ya imani yao, kisha hukubaliana la kufanya. Kwa watoto wa shule za msingi kuna Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzia Ufaransa mwaka 1843. Uanachama katika vyama hivi ni wa Wakatoliki, na mtoto wa dini nyingine hapaswi kuandikishwa wala kutozwa mchango wake. Sikukuu ya somo, yaani siku ya mtakatifu ambaye shule imepewa jina lake, huwa na sura mbili. Asubuhi ni Misa. Mchana ni michezo, ngonjera, maonyesho ya kazi za wanafunzi na chakula cha pamoja, na hapo wote hualikwa. Mzazi anaweza kukubali sehemu moja bila kukubali nyingine.

Kwaya inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa na wasioijua. Mwanafunzi wa kwaya hujifunza kusoma nota, kusikiliza sauti tatu nyingine huku akishika ya kwake, na kufika mazoezini kwa wakati, kwani sauti ya besi isipokuwepo wimbo mzima huanguka. Zamani kwaya za misheni ziliimba nyimbo za Ulaya, na ngoma ilihesabiwa kuwa jambo la kipagani. Mtanzania mmoja, Padre Stephen Mbunga, alikuwa miongoni mwa waliotetea muziki wa Kiafrika katika ibada, akatunga Misa kwa mahadhi ya kwao na kuandika kitabu, mwaka 1963, kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, ukafungua mlango, na ngoma ikaingia kanisani. Leo ni jambo la kawaida kwa shule hizi kucheza sindimba katika hafla zao. Mzee wa Kimakonde aliyeambiwa utotoni kwamba ngoma yake haifai shuleni ana haki ya kutabasamu.

Michezo haina dini. Shule zisizo za Serikali hushiriki UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari sawa na shule nyingine, kuanzia ngazi za chini hadi Taifa. Mkoa wa Mtwara ulikuwa mwenyeji wa fainali za kitaifa mwaka 2019 na tena mwaka 2021, katika Uwanja wa Nangwanda Sijaona. Mashindano hayo hayahusu soka na netiboli pekee: riadha, mpira wa wavu, kwaya na ngoma vimo pia. Kuhusu mahafali, maneno machache yanatosha. Ni siku ya heshima kwa mtoto na kwa mzazi aliyemsomesha, lakini keki na suti za kukodi hazimo katika mtaala wowote, na mzazi asiyeweza kuchangia anasa hizo asione haya.

Ziara za mafunzo zina jambo la kufikirisha kwa wakazi wa Msimbati. Mwanafunzi wa bara hulipa nauli ili aje kuona kile ambacho mtoto wa Msimbati hukiona kila asubuhi. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, na ndani yake mna matumbawe, mikoko na kasa wanaotaga mchangani. Gesi iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982 leo husafishwa Madimba na kusafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Mikindani, alikoteremka David Livingstone mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho ya bara, bado ina mitaa ya kale. Darasa la sayansi, la jiografia na la historia limo katika mwambao huu, na shule yoyote, iwe ya Kanisa au ya Serikali, inaweza kuandaa ziara hizo kwa kuandika barua mapema kwa uongozi wa eneo husika. Kwa ziara za baharini, mzazi asitie saini fomu ya ridhaa kabla ya kujua mambo matatu: ni walimu wangapi wanaoambatana na watoto, kama kila atakayepanda chombo atavaa jaketi okozi, na kama saa ya safari imepangwa kwa kufuata maji kupwa na kujaa. Wavuvi wa Msimbati wanaweza kuwashauri walimu juu ya hili la mwisho kuliko kitabu chochote.

Baada ya kuyatazama yote haya, linabaki swali la mzazi ambaye hana uwezo wa ada, na ambaye mwanawe atasoma shule ya kutwa. Je, amenyimwa? Sehemu kubwa ya kinachoonekana katika shule za Kikatoliki hakitokani na utajiri. Kinatokana na ratiba. Midahalo ina siku yake, bustani ina saa yake, kila chama kina mwalimu mlezi anayejulikana kwa jina, na kalenda ya mwaka hutolewa Januari. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, hivyo shule ya Serikali haina tena sababu ya kuyaona mambo haya kuwa ya ziada.

Ugumu upo, na si haki kuuficha. Bweni hurahisisha mambo: mtoto analala hapohapo na anakula hapohapo. Mtoto wa kutwa akiwa hajala mchana, kumtaka akimbie uwanjani saa kumi ni kumtesa, na ndiyo maana mchango wa chakula unaojadiliwa katika mikutano ya vijiji unahusu michezo kama unavyohusu hesabu. Msichana anayeishi mbali huondolewa kwenye netiboli kwa sababu giza litamkuta njiani, tena pengine ana ndoo inayomsubiri nyumbani. Wazazi wenye hofu hiyo wana hoja, na dawa yake ni kupanga mazoezi ya wasichana mapema na kuwaruhusu watembee kwa makundi, kuliko kuwaacha nje ya timu. Aidha, siku za bamvua na msimu wa korosho hupunguza mahudhurio. Jando na unyago navyo, ambavyo kwa watu wa kusini ndiyo shule ya kwanza ya nje ya darasa, huleta mgongano pale vinapoingia ndani ya muhula. Kalenda ya shule ikibandikwa Januari katika ofisi ya kijiji, makungwi na manyakanga wanaweza kuiona na kupanga shughuli zao wakati wa likizo.

Wazazi wanaotaka kuthibitisha usajili wa shule yoyote isiyo ya Serikali kabla ya kulipa wanaweza kuanzia kwa Ofisa Elimu Kata, ambaye atawaelekeza katika idara za elimu za Halmashauri. Malalamiko kuhusu mtoto kulazimishwa ibada, au kuhusu michango isiyotolewa stakabadhi, yapelekwe kwanza kwa mkuu wa shule na bodi yake, na yasiposikilizwa yafikishwe katika idara hizo kwa maandishi, yakiambatana na nakala ya maelekezo ya kujiunga. Mzazi aitunze karatasi hiyo hadi mtoto amalize shule.